Kikapu cha Koko kwenye Ramani ya Udongo

Mwalimu wetu wa mwaka wa nne alitufundisha historia kwa udongo. Nyuma ya kalasi alitupimia kiwanja chenye ukubwa wa kalasi yenyewe, akasema humo tutaweka nchi yetu yote, tangu Kamanyola mpaka Uvira, tangu milima ya juu mpaka mto Ruzizi. Wavulana walikwenda kijitoni kuchota udongo wa mfinyanzi, wakasimamisha milima. Sisi wasichana tulipewa ziwa.

Ziwa lilikuwa shimo tu. Asubuhi tulilijaza kwa vibuyu na makopo, na kabla jua halijafika kati lilikuwa limenywewa na ardhi, au na bata wa mke wa katekista.

"Mwalimu, bata bamekunywa Tanganyika!"

"Basi muijaze tena. Munafikiri ile kubwa ilijazwa siku moja?"

Tulicheka mpaka maji yakamwagika njiani. Tulimpenda sana yule mwalimu. Nasema hilo mapema, mtu asije akadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru, kijijini kwetu, mbele kidogo ya Sange ukitokea Uvira. Wazungu wa pamba walikuwa wameondoka lakini vitabu vyao vilibaki, na ndani yake mlikuwa na wafalme wao na mito yao. Mwalimu alikuwa kijana bado, mwenye baiskeli na shati jeupe moja ambalo mke wake alilifua kila jioni. Siku moja alivikusanya vile vitabu akavipandisha juu ya kabati.

"Historia haiko mu hiki kitabu," akasema. "Iko kwenu mu nyumba, inapika bugali. Mwende muiulize."

Alitufanya tuicheze pia. Mvulana mmoja mnene alivishwa kofia ya jani la mgomba akawa bwana wa pamba, anapita na fimbo kupima mashamba, na wengine wakawa wakulima wa kupigwa. Baba zetu waliokuwa wakitoka shambani walisimama kwenye ua wakacheka, mmoja akakaa chini kabisa kwa kucheka. Baba mwingine hakucheka. Alisema tu, "Alikuwa anapiga zaidi ya pale," akabeba jembe lake akaenda.

Majina ya kalasi ile ninayo yote, kwa mistari ya mabenchi, tangu aliyekaa dirishani hadi yule aliyewekwa karibu na mlango kwa ajili ya kikohozi chake. Jina la mwalimu ninalo, na la baba yake. Wajukuu hunijaribu na hawajanikamata bado. Hapa lakini sitaandika hata moja. Nitasema mwalimu, nitasema jirani, nitasema Koko, maana niliona mapema jinsi jina la mtu na la mahali alikotoka yanavyoweza kuokotwa na mwingine, akayatumia.

Milima iliposimama na barabara ikawekwa kokoto, mwalimu alitutuma nyumbani. Kila mmoja alete kitu cha zamani, ambacho yeye alikiita shahidi, na pamoja nacho habari: kilitoka wapi, nani alikuja nacho, nani alimwonyesha shamba. Kisha kila mmoja ajenge nyumba yake ya udongo kwenye ramani na avute kamba ya mgomba kutoka nyumba hiyo hadi kule babu na bibi walikotoka.

Nilimuuliza Koko. Ndivyo tulivyomwita mama yake baba yangu, aliyeishi kwetu, akilala upande wa jikoni. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Na weye utapeleka nini?"

"Sijue. Jiwe la kusagia?"

"Jiwe! Utabeba jiwe kichwani kama mwenda wazimu? Peleka kikapu yangu."

Kikapu hicho kilikuwa kidogo, chenye kifuniko kilichochongoka, kimesukwa kwa nyasi laini na kuchorwa mistari myeusi inayopanda kwa kupinda. Hakuna aliyesuka vile kijijini kwetu. Ncha ya kifuniko ilikuwa imekatika, na Koko alikuwa ameishona kwa uzi mweupe wa pamba ya shamba letu. Mama yake alimpa kikapu hicho siku ya kuolewa, ng'ambo ya Ruzizi, ambako ni nchi nyingine. Wakati wa njaa moja kubwa ya kule walivuka, yeye na mume wake, na kikapu kichwani.

Baba yangu alisikia akatoka ndani.

"Mama, hiyo mambo iache."

"Mutoto anaulizwa na mwalimu. Ajibu nini? Kwamba tuliota hapa kama uyoga?"

"Nasema iache tu."

"Minye ndiye nilibeba. Nitasema."

Lazima nieleze kwa nini baba alisita. Huko kwetu bondeni mgeni akifika, mwami, yaani chifu wetu, humwonyesha shamba. Naye mgeni hutoa mbuzi, hupika pombe ya ndizi, na majirani wote huja na mirija yao kunywa kutoka chungu kimoja. Wakishakunywa, swali la alikotoka limekufa. Watu wanajua, wanajua wote, ila hawasemi, kama vile usivyosema mbele ya mwanamume kwamba mke wake alikuwa ameposwa kwanza na mwingine. Babu na Koko walitoa mbuzi, walipika pombe, ikanywewa. Baba alizaliwa katika shamba lile. Maisha yake yote hakuna aliyemtajia Ruzizi.

Koko alijaza kikapu maharagwe, maana kwetu chombo hakitumwi kitupu, na kinaporudishwa hakirudi kitupu pia. Anayekirudisha huweka chochote, hata chumvi kidogo, hata viazi viwili. Hapo ndipo watu hujua kwamba jambo lililowakutanisha limekwisha vizuri.

"Mwambie mwalimu ni ya siku mbili," aliniambia. "Na asikae juu yake."

Kalasini vitu vilikuwa vimepangwa juu ya benchi: kengele ya ng'ombe kutoka kwa watoto wa milimani, bangili ya chuma, ndoana, kipande cha gunia la pamba. Kamba karibu zote zilipanda milimani, chache zilifuata ziwa kwenda kusini. Wapo watoto ambao nilijua bibi zao walitamka maneno kama Koko, lakini wao walisema, "Sisi ni wa hapahapa," wakafunga kamba yao mguuni mwa nyumba yao wenyewe. Mimi nilivuta yangu mpaka ng'ambo ya mfereji tuliouchimba kuwa Ruzizi.

Mwalimu alisimama. Aliinua kikapu ili wote wakione.

"Munaona? Huyu ameleta shahidi wa kweli. Batu kama hawa ndio balijenga hili bonde. Na shamba, nani aliwaonyesha?"

"Mwami. Balikunywa pombe."

"Basi weka chungu."

Nilifinyanga chungu kidogo, kama kucha ya kidole gumba, nikakiweka mlangoni mwa nyumba yetu ya udongo. Mwalimu aliinama akakikandamiza mwenyewe kwa kidole kisianguke. Kalasi yote ilipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Siku mbili zilipita, kikapu hakikurudi. Mwalimu alisema mkaguzi atapita, anataka akione. Mkaguzi hakupita. Kikapu kikabaki katika kabati la kalasi, na Koko akasema hana haraka.

Halafu uasi dhidi ya serikali ukafika. Barabara ya Uvira ilianza kuleta vijana wenye majani kichwani, usiowajua, wakiimba. Mwami alikimbia. Shule ilifungwa. Kila kijiji kiliwekewa kamati, na kamati ya kwetu ilipotafuta mtu wa kuandika ilimchukua mwalimu. Jioni hiyo baba yangu alikula vizuri, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

"Tuko na muntu mule ndani," alimwambia Koko. "Huyu ametujua."

Jirani yetu, ambaye shamba lake lilipakana na letu upande wa mfereji wa maji, alikuwa amekwisha kwenda kwenye kamati. Alisema shamba letu ni la watu wa kuja, waliolipewa na mwami wa wazungu, na sasa nchi imegeuka. Nakumbuka baba yake yule jirani. Koko alituambia ndiye aliyekunywa sana siku ya pombe, akalala pale pale kwenye kiwanja mpaka alfajiri.

Baba aliitwa. Kamati ilikaa katika uwanja wa shule, kwenye mabenchi yetu. Mwenyekiti alikuwa mtu mgeni mwenye koti la askari lisilo na vifungo. Mwalimu alikaa pembeni yake, shati jeupe, kalamu mkononi. Mimi nilimshika Koko mkono.

"Shamba iko ya nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Yangu. Baba yangu alionyeshwa na mwami."

"Mwami gani? Ule wa kukimbia na suruali mukononi?"

Watu walicheka.

"Shahidi wako iko wapi?"

Waliokunywa ile pombe wengi walikuwa wamekufa. Mzee mmoja wa waliobaki alikuwepo, ameegemea ukuta wa kalasi. Baba alimtazama. Mzee akawa anatazama miguu yake.

"Aulizwe mwalimu," baba akasema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyetulia. "Alifundisha batoto historia ya kijiji yote. Anajua mambo yetu kuliko hata minye."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Aliinuka akaingia kalasini, nikasikia kabati likifunguka, na alipotoka alikuwa amebeba kikapu chetu. Nilifurahi kiasi cha kucheka. Nilimvuta Koko nguo: "Ona, kikapu yako!" Koko hakucheka.

Mwalimu alikiweka mbele ya mwenyekiti.

"Hii kikapu ililetwa na binti wa huyu bwana," akasema. "Ni ya bibi yake. Ilisukwa ng'ambo ya Ruzizi. Babu na bibi balitoka kule. Mutoto mwenyewe alivuta kamba mbele ya kalasi."

Akakaa.

Hakusema uongo hata mmoja. Nilisimama nikimngojea. Nilidhani amepumzika tu, kama alivyokuwa akifanya kalasini, anasimama kidogo ili tuwahi kumfikia. Alikuwa akiandika. Hakuinua uso.

Nikapaza sauti. "Mwalimu, na chungu?"

"Chungu gani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Sijue mutoto anasema nini," mwalimu akajibu.

Nilikimbia nyuma ya kalasi. Tangu shule ifungwe hakuna aliyejaza ziwa, mbuzi walikuwa wamelala juu ya Uvira, na milima ilikuwa imeanguka nusu. Kamba yangu ilikuwepo bado, imevuka pale pale. Chungu hakikuwepo. Hatukuwa tumekichoma, ulikuwa udongo mbichi, na mvua ilikuwa imeshafanya kazi yake. Nilichimba kwa vidole mlangoni mwa nyumba yetu, nikarudi na bonge la tope.

"Hiyo nini?" mwenyekiti akauliza.

"Chungu."

Walicheka tena, zaidi kuliko mwanzo. Mwalimu peke yake hakucheka, na mpaka leo sijui nimwekee hilo wapi. Angecheka ingekuwa nyepesi kwangu.

Kicheko kilipokwisha, Koko alisogea mbele na fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, "mambo ya shamba ni ya banaume, minye sitasema. Lakini kikapu yangu ilikuja kwako na maharagwe ndani. Ulikula. Nataka irudi na kitu."

Kila mtu pale alijua maana yake. Mwalimu alinyoosha mkono kukigusa kikapu, nadhani alitaka kukitoa, lakini mwenyekiti aliweka kiwiko chake juu.

"Inabaki. Ni ushahidi."

Shamba alipewa jirani. Baba aliambiwa anaweza kukaa kwa sababu alizaliwa hapa, akae bila kulima, na mtu wa bonde asiyelima hujui anakaa vipi. Koko aliambiwa arudi kwao.

Alivuka asubuhi na wengine waliofukuzwa vijiji vya kando, katika mtumbwi. Tulimsindikiza mpaka kwenye matete. Hakulia. Alichosema ni hiki tu, akimwambia baba kama mtu anayeuliza njia:

"Kule siko na muntu. Bote walikufa ile njaa. Nitapiga hodi kwa nani?"

Kabla ya msimu uliofuata, wauza mihogo walituletea habari kwamba amefariki, kwa watu wasio ndugu zake, waliomzika vizuri. Tulikuwa tumeshahamia Uvira. Baba alibeba magunia bandarini, yeye ambaye hakuwahi kubeba mzigo wa mtu mwingine. Aliporudi jioni alikaa akitazama mikono yake. Hakunilaumu kamwe kwa kupeleka kikapu, na alipomtaja mwalimu aliendelea kusema "mwalimu," kwa heshima, kama ulimi wake haukuwa umepata habari.

Uasi ulikwisha, wakubwa wengine wakaja, shamba halikurudi. Jirani alikuwa ameshapanda michungwa. Sikuingia tena shuleni. Hakuna aliyenikataza. Kila nilipofika mlangoni mwa kalasi nilijiuliza mwalimu huyu naye ataniambia nilete nini.

Watu wa kwetu walisema mwalimu aliogopa. Inawezekana. Miaka mingi baadaye, nikiwa napepeta mchele, nilikumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuweka kamba yake kwenye ramani. Tulimuuliza siku moja, akasema mwalimu hana kwao, kwao ni pale anapotumwa, nasi tukaona jibu zuri. Labda alikuwa na kamba ya kuficha. Labda hakuwa nayo. Kama alikuwa nayo ndiyo mbaya zaidi.

Nilizeeka Uvira nikiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mteja wangu mmoja alikuwa mama mpole, anaishi juu kwenye mteremko, aliyenichekesha kwa kubishana bei ya samaki ambao tayari ameshawatia katika sahani yake. Siku ya mvua alinivuta ndani.

"Ingia, mama ndagala, utalowa. Papa, tuko na mugeni."

Mzee alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini. "Karibu, mama," akasema, na kwa sauti hiyo nilimjua kabla sijamtazama. Juu ya kabati lake palikuwa na kikapu. Kifuniko chake kilikuwa pembeni, ncha imeshonwa kwa uzi uliokuwa mweupe. Ndani mlikuwa na miwani, dawa na rozari.

"Hii kikapu nzuri," nikasema.

"Ah, ile. Zawadi. Banafunzi wangu ba zamani balinipa."

"Papa alikuwa mwalimu wa ajabu," binti akasema. "Alifundisha historia na udongo! Mpaka leo batu bazima banamusimamisha mu njia kumusalimia."

Nilimkaribia. "Mwalimu," nikasema, "bata bamekunywa Tanganyika."

Lo, alivyocheka! Alipigapiga magoti yake kwa viganja, machozi yakamtoka. "Muijaze tena!" akasema. "Weye ulikuwa mu kalasi ile! Bata wa mke wa katekista! Nakumbuka yote, mama, yote."

"Ni minye nilivuta kamba kuvuka Ruzizi."

Kicheko kiliisha polepole, kama maji ya lile shimo. Alivuta blanketi juu.

"Ile wakati," akasema. "Ile wakati ilikuwa mbaya, mama. Kila muntu…"

"Sikuulizi wakati. Chungu kilikuwepo?"

Binti yake alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Mvua ilikuwa inapiga mabati na ilinibidi kurudia kwa nguvu.

"Uliniambia niweke. Ulikikandamiza na kidole chako. Kilikuwepo ao hakikuwepo?"

Alimtazama binti yake, kisha dirisha.

"Sikumbuki," akasema.

Wale bata aliwakumbuka.

Nilikwenda kwenye kabati. Nilitoa miwani nikaiweka juu ya kitambaa, nikatoa dawa moja moja, nikatoa rozari nikaikunja vizuri. Nilifunika kikapu kwa kifuniko chake nikakitia kwapani. Hakuna aliyenizuia. Mzee aliangalia mikono yangu muda wote.

Nilipofika mlangoni binti alinikimbilia. Sijui alielewa nini. Labda hakuelewa chochote, aliona tu chombo kinatoka nyumbani kwao kitupu, na alikuwa amelelewa vizuri. Alikuwa na ungo wa maharagwe aliyokuwa akichambua. Alifungua kifuniko akamimina viganja viwili.

"Usiende na kikapu mutupu, mama. Haifai."

Maharagwe yalikuwa mazuri, mekundu, hayana wadudu. Niliyatazama. Kisha niliinamisha kikapu juu ya ungo wake nikayarudisha yote, na moja lililokwama katika kona nikalitoa kwa kidole.

"Si weye unadaiwa, mwanangu," nikamwambia. Nikashuka mteremko katika mvua, kikapu kitupu chini ya kitenge.